Nitathminije mwaka uliopita kabla ya kuandika malengo mapya?

Swali (Jinja): Ndugu zangu, nilipofungua daftari langu nimekuta malengo saba kati ya kumi yamejirudia tangu 2022. Nianzie wapi kabla sijaandika tena?

Jibu (Kampala): Anza na hesabu za matumizi, kwa kuwa kumbukumbu hujipendelea. Mimi niligundua kwamba akiba ya ada ya Februari iliishia kwenye nauli za boda boda, shilingi elfu mbili mbili.

Jibu (Mbale): Kwani lazima iwe Desemba? Sisi wa kahawa ya Mlima Elgon huwa katikati ya mavuno, kwa hiyo mimi hujitathmini Machi, nikishauza. Hata serikali hufunga mwaka wake wa fedha tarehe 30 Juni.

Muuliza: Asanteni. Daftari la matumizi sina, naanza leo.