Kaka kaumia yadi ya treni huku Marekani, fidia yake inakuaje?

Kijana wa Ujiji: Habari zenu wadau. Bro wangu ni kondakta wa treni za mizigo, juzi usiku alikua anashuka kwenye behewa yadini akakanyaga mawe makubwa yaliyomwagwa pale pa kupita, goti likageuka, saivi hata ngazi hapandi. Supavaiza kamwambia asiandike ripoti watamalizana wenyewe, halafu kuna mtu wa madai wa kampuni anapiga simu kila siku anataka amrekodi akijieleza. Mimi nilivyoumia godauni nililipwa bila kuulizwa kosa la nani, yeye anaambiwa fidia ile haimhusu. Kweli?

Fundi Reli: Pole kwa kaka. Ni kweli, watu wa treni wana sheria yao toka 1908, inaitwa FELA. Hapo lazima aonyeshe kampuni ilizembea, ila uzembe hata kidogo tu ukichangia unatosha, na akishinda analipwa matibabu, mshahara wote aliokosa na atakaokosa, mpaka maumivu. Kwa hiyo hayo mawe ndo kesi yenyewe, yapigwe picha haraka kabla hawajasawazisha, na aandike majina ya waliokuwepo. Kurekodiwa asikubali kabla hajaongea na loya, yule wa madai anatafuta sentensi moja tu ya "sikuangalia vizuri".

Mama Neema: na kama kweli hakuangalia? mume wangu walimkomalia hivyo hivyo

Fundi Reli: Wanakata kulingana na kosa lake, wakisema 30% ni yake anapata 70 iliyobaki. Lakini kama kilichomuumiza ni breki ya mkono mbovu au kiunganishio cha mabehewa kibovu hawakati hata senti, hivyo vina sheria yake ya toka 1893.

Mzee wa Swichi: Ripoti aandike LEO. Hilo la kumzuia mtu asiripoti linaniuma sana maana vijana wengi wageni wanaogopa kufukuzwa wananyamaza, mwaka unapita mguu umeharibika na karatasi hakuna. Sheria inakataza kumwadhibu anayeripoti kuumia au kumwingilia kwenye matibabu, wakimfanyia hivyo ana siku 180 za kulalamika OSHA, idara ya serikali ya usalama kazini. Kesi ya FELA yenyewe ana miaka 3 ya kuifungua. Na hela ya kula wakati anauguza aombe posho ya ugonjwa RRB, ile bodi ya pensheni ya watu wa reli, asisubiri kesi iishe.

Kijana wa Ujiji: Nawashukuru sana, nimempigia anajaza ripoti sasa hivi, picha mwenzake wa zamu anazo. Loya anampataje?

Mzee wa Swichi: Aanzie chama chake cha wafanyakazi, wana orodha ya mawakili wa FELA. Wengi wanachukua asilimia kesi ikilipa, hatoi kitu mwanzoni. Ila asilimia hiyo aiulize kabla hajasaini.