Jeshi la Kongo: droni kwanza, au mshahara wa askari kwanza?

Wakuu, tangu mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, uanguke mikononi mwa waasi wa M23 Januari 2025, kila mazungumzo kuhusu jeshi la Kongo, FARDC, yanaishia palepale: Kinshasa inunue droni zaidi, inunue ndege, inunue mitambo ya kujikinga na makombora. Mifano inayoletwa ni Azabajani mwaka 2020 na Ethiopia mwaka 2021, kwamba walipata droni za Bayraktar za Uturuki na vita vikageuka. Mpangilio huo naupinga. Droni zina kazi yake, sibishi. Ila jeshi ambalo pesa ya askari inapitia mikononi mwa kamanda wake halitaokolewa na chombo chochote kinachoruka. Fungu la kwanza la kulifanya la kisasa liende kwenye malipo, ugavi na orodha ya kweli ya askari.

Droni zenyewe Kongo inazo. Mwaka 2023 ilipokea CH-4 kutoka China, zikawekwa uwanja wa Kavumu, kaskazini mwa Bukavu. Ndege za kivita za Sukhoi-25 nazo zilikuwepo. Tarehe 14 Februari 2025 Kavumu ilichukuliwa na M23 waliokuja kwa barabara ya kando ya Ziwa Kivu, kupitia Nyabibwe na Kalehe. Hazikupita siku mbili, Bukavu yote ikawa mikononi mwao. Uwanja wa ndege unalindwa na askari wa miguu. Huyo akiondoka, rubani hana pa kutua. Hata hao Azabajani, mji wa Shusha waliuteka kwa askari waliopanda majabali kwa miguu Novemba 2020, na Ethiopia ilihamasisha umati wa watu kwenda vitani pamoja na hizo droni.

Sasa mtazameni huyo askari wa miguu. Hadi mwanzoni mwa 2025, wa cheo cha chini alikuwa anapata kama dola 100 kwa mwezi. Kwenye barabara ya Sake kwenda Goma walikuwepo mamluki wa Kirumania ambao, kwa habari zilizochapishwa, walilipwa kama dola 5,000 kwa mwezi. Mji ulipoanguka, Warumania karibu 300 walivushwa hadi Rwanda wakarudi kwao kwa ndege. Askari wa Kongo hana ndege ya kumrudisha popote. Mke na watoto wake walikuwa kambini, na kambi ya Katindo iko ndani ya mji wa Goma. Adui akikaribia mji, huyu anawaza handaki au anawaza watoto? Nani kati yetu angewaza tofauti?

Machi 2025 Rais Tshisekedi alitangaza kuongeza mishahara ya askari maradufu. Naunga mkono kabisa. Lakini kuongeza ni jambo moja, pesa kumfikia mtu ni jambo lingine. Kuanzia mwaka 2005 ujumbe wa Umoja wa Ulaya, EUSEC, ulisaidia kutenganisha njia ya malipo na njia ya amri. Walihesabu askari mmoja mmoja, wakachukua alama za vidole, na askari hewa wengi wakatoka kwenye orodha. Baadaye mishahara ikaanza kupitia benki. Kazi nzuri, ila iliishia nusu: posho za operesheni, pesa ya chakula na ya mafuta ziliendelea kupita kwa wakubwa. Na askari aliyekuwa milimani Masisi benki yake ilikuwa Goma. Akishuka kuchukua mshahara aliacha nafasi yake wazi. Asiposhuka, alikula kwa mwanakijiji, mara nyingi kwa nguvu. Hapo ndipo raia alianza kumwogopa askari wake kuliko adui.

Wanaosema jeshi lile halitengenezeki wamesahau 2013. Goma ilianguka mara ya kwanza tarehe 20 Novemba 2012. Jenerali Gabriel Amisi, mkuu wa jeshi la nchi kavu, akasimamishwa baada ya wataalamu wa Umoja wa Mataifa kumtuhumu kuuza silaha kwa makundi ya waasi (baadaye alisafishwa). Maafisa kadhaa wakaitwa Kinshasa, wakapewa nafasi watu kama Jenerali Lucien Bahuma na Kanali Mamadou Ndala. Mwaka haukutimia, M23 wakawa wamekimbilia Uganda na Rwanda. Najua mtaniambia kulikuwa na brigedi ya Umoja wa Mataifa chini ya Jenerali wetu wa Tanzania, James Mwakibolwa, helikopta za Afrika Kusini, na wafadhili walioibana Kigali. Ni kweli yote hayo. Lakini waliokaa mbele pale Kibumba, kaskazini mwa Goma, walikuwa Wakongo, na raia wa Goma walimshangilia Ndala barabarani. Januari 2014 akauawa karibu na Beni, na mahakama ya kijeshi ikamtia hatiani afisa wa jeshi hilohilo. Inaniuma mpaka leo.

Hoja nzito ya upande wa pili ni Rwanda. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa mwaka 2024 walikadiria wanajeshi wake 3,000 hadi 4,000 ndani ya Kongo, wenye zana za kisasa. Kigali inakanusha, inasema inajilinda dhidi ya FDLR, waasi wa Kihutu kutoka Rwanda walioko Kongo. Mshahara hautungui kombora, nakubali. Lakini silaha mpya ukiiweka mikononi mwa kikosi chenye njaa, itatelekezwa barabarani kama zile zilizoachwa Goma. Wazalendo, yaani wanamgambo wanaopigana upande wa serikali, ndio kabisa: kila kundi na kamanda wake, na serikali inawategemea kwa sababu haijajenga jeshi lake.

Sisi Watanzania hili linatuhusu. Tumepeleka vijana mwaka 2013, tukapeleka tena na SADC kuanzia mwishoni mwa 2023, na wengine walirudi kwenye majeneza. Kwa hiyo nauliza kwa dhati: mwenye mfano wa jeshi lililoshinda vita vya milimani kwa vyombo vya angani, huku askari wake wa miguu hawalipwi wala hawalishwi, aulete hapa tuuchambue.