Nimechomoa fito zote za silingi ya Beetle bila kuziwekea alama

Ndoo_ya_Fito:
Wakuu, gari ni Beetle ya 1967. Silingi ilikuwa imechanika juu ya dereva na inanuka panya, nikaivua Jumamosi kwa hasira. Akili yote ilikuwa kwenye kitambaa. Zile fito za chuma zinazokishikilia nikazitupa kwenye ndoo. Leo silingi mpya imefika, imeshonwa na mapindo yake kama ya kupitishia kamba ya suruali, nami nimebaki kuitazama ndoo. Fito zinafanana, lakini nikizilaza sakafuni kila moja imepinda kivyake. Ipi inaanza mbele? Na lazima vioo vitoke? Mke wangu amenikataza kugusa cha mbele.

KabuMbili:
Pole mkuu, kosa hilo nalijua. Usipitishe fito kwenye kitambaa kwanza, zijaribu tupu. Chomeka ncha zake kwenye matundu ya pembeni juu ya milango, uiangalie. Iliyo mahali pake inajikunja kama upinde na kutulia. Ikikwaruza bati la paa, au ikining'inia tumbo, hapo si kwake. Ukizipata zote, funga kila moja utepe wenye namba na mshale wa kuonyesha mbele.

Vioo vitoke, mwombe radhi shemeji. Ukingo wa kitambaa unapanda kwenye mdomo wa bodi unaokaliwa na mpira wa kioo. Ukiusokomeza kwa bisibisi huku kioo kipo, utachana kitambaa na mpira utavuja mvua ya kwanza.

Gundi paka pande zote mbili, subiri hadi ukigusa haikufuati kidole. Anza katikati nyuma, kisha katikati mbele, vuta, bana kwa vibanio vya nguo, ndipo uende pembeni. Wembe weka mbali! Watu wanakata mapema wakidhani kitambaa kimezidi, kumbe ndicho cha kushikia wakati wa kuvuta.

Mzee Haraka:
Mnajisumbua. Yangu nilipuliza gundi nikabandika kitambaa chenye sponji, saa mbili tu kwisha.

KabuMbili:
Mzee wangu, hiyo ni ya magari yenye ubao wa silingi, yale ambayo sponji ikizeeka inageuka unga na kitambaa kinakudondokea kichwani. Beetle haina ubao, utabandika kwenye nini?

Bi Spana:
Kabla hujafunga, sugua kutu na upige rangi, hutapaona tena kwa miaka. Pia vuta waya wa taa ya ndani. Mimi niliusahau juu, nikawa naupapasa kama mtu anayetafuta sarafu kwenye bitana ya koti. Makunyanzi madogo yapitishie kikausha nywele kwa mbali, kitambaa hicho ni cha plastiki, kinajivuta chenyewe.

Ndoo_ya_Fito:
Ahsanteni. Fito ya pili na ya tatu nimezibadilishia nafasi mara mbili, sasa zimetulia. Kioo kimetoka salama, kimelala kwenye godoro la wageni. Nyuma na mbele zimeshika. Ila nimeacha alama za vidole vyenye gundi kwenye silingi nyeupe. Nifute kwa thina?

Bi Spana:
Thina hapana kaka, itakula plastiki! Sugua kwa kidole kikavu taratibu, gundi itajiviringisha kama takataka za kifutio.

Ndoo_ya_Fito:
Inatoka. Shemeji yenu anauliza godoro lake linarudi lini.