Tumemkatia mama wanga, sasa sukari inashuka alfajiri. Nimrudishie ugali?

Binti_Ngamiani
Shikamooni wakubwa. Niko hapa Tanga mjini, mama yangu ana miaka 61, ana kisukari aina ya pili mwaka wa nane huu, anameza metfomini na glibenklamaidi. Mwezi uliopita asubuhi kabla hajala kitu mashine ilikuwa inasoma 13, 14, siku moja 15.6, tukaogopa. Ndugu mmoja akasema mkatieni wanga, basi tukakata kweli kweli, ugali hakuna, wali wa nazi hakuna, muhogo hakuna, ni samaki, mchicha na mayai. Wiki haijaisha sukari ikaja 8, ikaja 7, furaha nyumba nzima. Halafu Jumatano naenda kumwamsha aswali alfajiri namkuta kanga imelowa jasho chapachapa, mikono inamtetemeka, namuuliza hili ananijibu lile. Kupima, 2.9. Nikamkorogea sukari kwenye maji akanywa ikapanda. Sasa hii njia ni mbaya? Nimrudishie ugali? Na dona je, si wanasema haina shida? Jamani sijalala tangu siku ile, usiku nakwenda kumgusa shingo nione kama ana jasho.

Nesi_Mstaafu
Marahaba mwanangu, pole sana, na umefanya vizuri kupima na kumpa sukari palepale. Samaki na mchicha havina kosa. Angalia hiyo glibenklamaidi. Ile kazi yake ni kuisukuma kongosho itoe insulini, umekula hujakula yenyewe inasukuma tu, na inakaa mwilini karibu siku nzima. Zamani ilikuwa inakutana na sahani ya ugali, sasa ugali mmeutoa na dozi mmeiacha vilevile, lazima imwangushe. Metfomini ikiwa peke yake ni nadra kumshusha mtu hivyo.
Usingoje tarehe ya kliniki, mpeleke leo, beba mashine na daftari la vipimo, mwambie daktari waziwazi kwamba mmepunguza wanga, aamue dozi, na muulize figo za mama zimepimwa lini maana figo zikichoka dawa hiyo inalimbikizana. Mpaka aonwe asikae na njaa. Ikisoma chini ya 4 mpe vijiko vitatu vinne vya chai vya sukari kwenye maji, subiri dakika 15, pima tena, ikishapanda ale chakula, maana kwa dawa hii inaweza kushuka mara ya pili baada ya masaa. Akiwa hajitambui USIMMIMINIE kitu mdomoni, mkimbize hospitali.

Fundi_Makorora
Dada mimi nina mwaka wa tatu na hii njia, si mbaya, ila mlikata kama mnakata kamba. Mimi daktari alinipunguzia dawa siku ileile niliyoanza. Na kupunguza wanga si lazima ufike sifuri, chini ya gramu 130 kwa siku tayari inahesabika. Wali ulioiva gramu 100 una kama gramu 28 za wanga, sasa pima sahani zetu za pwani zinabeba gramu ngapi! Muhogo ndo ulinidanganya mimi, nilikuwa najiambia ni chakula cha shambani, nakula wa kuchemsha asubuhi na chai, masaa mawili baadaye napima nakuta 14. Dona ina makapi zaidi ya sembe lakini ni mahindi yaleyale dada, ukijaza sahani itapanda tu.
Mimi naenda soko la samaki la Deep Sea asubuhi nachukua changu au vibua, nachoma kwa ndimu, na bamia au kisamvu cha nazi, tui lenyewe halina wanga mwingi, usiliogope kwa ajili ya sukari, usizidishe tu. Ugali kipande cha ukubwa wa ngumi. Mtindi usiotiwa sukari, chai ya tangawizi kavu. Chungwa nalimenya nakula na nyama zake, juisi nimeacha kabisa.

Mzee_Pongwe
Aache dawa zote, mwarobaini na chakula kizuri vinatosha.

Nesi_Mstaafu
Hapana mzee wangu, kwa heshima zote. Kupunguziwa dozi na daktari na kujitupia dawa mwenyewe ni vitu viwili. Na anayesoma hapa akiwa anachoma insulini, hasa wa aina ya kwanza, asiiache hata siku moja. Kabla ya 1922, insulini ilipoanza kutumika kule Toronto, watoto wenye kisukari walikuwa wanakatiwa chakula hivihivi, wanaishi kidogo, wanakonda, wanakufa. Chakula peke yake hakikuwaokoa.

Binti_Ngamiani
Ahsanteni wote, mama nesi Mungu akuweke. Nilimpeleka juzi. Glibenklamaidi wameitoa, metfomini imebaki, figo wamepima wamesema ziko sawa, na baada ya miezi mitatu atapimwa HbA1c, kile kipimo cha wastani wa sukari ya miezi miwili mitatu iliyopita. Wamesema arudishiwe wanga kidogo kila mlo, nimepima ngumi yake mwenyewe kwenye ugali kaniangalia akasema hiki ni cha mtoto. Jana 7.8, leo alfajiri 7.1, na kanga kavu.