Hell or High Water: tujifunze nini, na imeteleza wapi?

Mibuyu_Miwili
Wakuu, kikundi chetu kinajiandaa kupiga filamu fupi ya dakika 20 kati ya Bahi (Dodoma) na Kintinku (Singida): ndugu wawili, ng'ombe, deni. Kila tunayemuuliza anatuelekeza kwenye Hell or High Water (2016) kama picha ya kauboi ya kisasa ya kujifunzia. Ubora wake uko wapi hasa, na udhaifu wake ni upi tusije tukaubeba? Wenzangu wanataka tununue kofia na buti kwanza. (Majibu yatafichua mwisho. Ambaye hajaiona apite.)

Kata_Kiunzi
Kofia ziacheni dukani. Kinachoibeba picha ile ni hesabu ya deni. Ndugu wawili, Toby na Tanner, wanaiba kwenye matawi ya benki ileile inayotaka kuchukua ranchi ya marehemu mama yao. Wanaingia asubuhi kabla wateja hawajajaa, wanachukua noti ndogo zilizo kwenye droo za makeshia na hawagusi mabunda, maana mabunda hufuatilika. Kiasi kikiwa kidogo, FBI hawajisumbui. Gari lililotumika linafukiwa shimoni. Fedha zinapelekwa kasino Oklahoma, zinabadilishwa kuwa tokeni, na tokeni zinabadilishwa kuwa hundi ya kuilipa benki yenyewe. Mtazamaji anaelewa kila hatua bila kuhutubiwa.

Halafu angalia mpango unavyovunjika. Tawi dogo la Jayton wanalikuta limefungwa, hivyo wanakwenda mji wa Post, tawi kubwa zaidi, lina wateja, na wateja wenyewe wana bastola. Si bahati mbaya iliyodondoka kutoka mbinguni: mji unakufa, tawi linafungwa, watu wanakufa. Skripti ya Taylor Sheridan imefunga hiyo minyororo vizuri mno.

Nzuguni_Sinema
Nakubali, ila msimsifie Sheridan kupita kiasi. Kuna mahali anamhutubia mtazamaji kabisa. Parker, askari mwenye asili ya Komanchi, anakaa anaeleza kwamba wazungu waliwapora wazee wake ardhi na sasa benki inawapora wazungu. Hoja ya kweli, lakini mabango ya mikopo barabarani na maandishi ya ukutani kwenye shoti ya kwanza yameshaisema. Mkikuta mhusika wenu anaeleza maana ya filamu, futeni huo mstari na mtazame kama kuna kitu kimepungua.

Udhaifu wa pili ni wanawake. Mke wa zamani wa Toby na yule mhudumu wa mgahawa wanapewa dakika chache, wanasema maneno makali, wanatoweka. Na Marcus, mwenzake Parker, askari anayekaribia kustaafu, wa aina hiyo tumewaona mpaka tumechoka. Jeff Bridges anamwokoa kwa uigizaji tu.

Kata_Kiunzi
Utani wa Marcus kwa Parker je? Wengi wanaulalamikia.

Nzuguni_Sinema
Unarudiwa kupita kiasi, lakini una kazi. Parker anapopigwa risasi, kilio cha Marcus kinatoka mle mle kwenye utani. Wagogo na watani zao wataelewa bila mkalimani.

Mibuyu_Miwili
Sawa. Sasa kwetu hakuna ranchi iliyowekwa rehani. Deni liwe la namna gani?

Kata_Kiunzi
Kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba kali. Rejesho la kila wiki, mkopeshaji anashikilia kadi ya benki na namba ya siri. Kisha jiulizeni kama Toby: ng'ombe wa wizi atauzwaje mnadani? Kuna chapa, kuna hereni ya utambulisho sikioni, kuna kibali cha kusafirisha mifugo. Nani atawapa hizo karatasi, na kwa nini? Mkijibu hilo mna filamu. Msipolijibu mna watu wawili wanakimbia vumbini.

Jua_Kali_Makole
Upande wa kamera. Picha ile inasimulia Texas lakini ilipigwa zaidi New Mexico, kwa hiyo msiogope kuunganisha maeneo mawili kama udongo unafanana. Pigeni kati ya Juni na Oktoba. Mvua zikianza Desemba nyika inakuwa kijani na shoti haziungani. Saa sita mchana jua liko juu sana, macho yanakuwa mashimo meusi, hivyo sogezeni mazungumzo chini ya mbuyu au ndani. Mwanga mzuri wa jioni hapa haufiki saa nzima, jua linashuka wima. Fanyeni mazoezi mapema, mpige shoti mbili au tatu tu.

Kwa fremu 25 kwa sekunde na shata 1/50, ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) 100, jua kali linadai f/22, yaani tundu dogo sana la lenzi. Filta ya ND64, kioo cheusi cha kupunguza mwanga, inawawezesha kufungua tundu hadi f/2.8. Upepo wa kiangazi ndio utakaowaumiza zaidi: kipaza sauti bila kava la manyoya hakifai kitu, na lenzi msibadilishe nje, badilishieni garini vioo vikiwa juu. Kama kuna bastola za bandia, pamoja na kibali cha Bodi ya Filamu, mpelekeeni taarifa OCD (mkuu wa polisi wa wilaya) na mwenyekiti wa kijiji kabla ya siku ya kupiga.