Re: Kujiandikisha kupiga kura Uingereza, na hili suala la rangi

Assalamu alaykum,

Kijana wetu wa Northampton ameuliza kama ipo faida ya kujiandikisha kupiga kura, ilhali majirani zake, kwa maneno yake, "watachagua kwa rangi tu". Namjibu nikiwa Wete, Pemba, nilikorudi baada ya kuishi huko miaka mingi.

Haki yenyewe haina utata. Tanzania imo katika Jumuiya ya Madola, kwa hiyo raia wake mwenye kibali halali cha kuishi Uingereza anaruhusiwa kupiga kura hata katika uchaguzi wa Bunge. Kituoni siku hizi hudaiwa kitambulisho chenye picha, na pasipoti yetu inakubaliwa.

Ama la rangi, silikatai. Mwaka 1964 katika jimbo la Smethwick, karibu na Birmingham, Patrick Gordon Walker wa chama cha Labour aliangushwa na Peter Griffiths baada ya kampeni iliyojaa chuki dhidi ya wahamiaji, katika uchaguzi ule ule ambao Labour ilishinda nchi nzima. Hata hivyo, mwanangu, chuki si mlango pekee ambao rangi hupitia. Mzee wa Kiingereza aliyekuwa akituangalizia watoto wakitoka skuli alibandika dirishani bango la mgombea aliyetaka watu kama sisi tupunguzwe. Nilipomuuliza, alishangaa kweli kweli: "Sikukusudieni nyinyi." Kwake sisi tulikuwa majirani, na wahamiaji walikuwa watu wengine asiowajua.

Sisi Wazanzibari hili si geni kwetu. Zama za siasa, yaani miaka ya vyama kabla ya uhuru wa 1963, Washirazi wa Unguja wengi walikwenda Afro (chama cha Afro-Shirazi), na Washirazi wa Pemba wengi wakavipigia vyama vya ZPPP na Hizbu (ZNP), ingawa wote walijinasibisha na asili moja ya Uajemi. Kilichowatenga zaidi ni ardhi na ujirani: huku Pemba mkulima wa kawaida alikuwa na mikarafuu yake na ameoleana na Mwarabu wa jirani, ilhali Unguja wengi walilima katika mashamba ya watu. Hofu ikachochewa juu ya hayo, mpaka watu wakagomeana maduka na maziko, na uchaguzi wa Juni 1961 ukazua ghasia zilizoua watu 68.

Kwa hiyo usimhukumu mpiga kura kwa sura yake, wala mtaa kwa idadi ya wageni wake. Katika kura ya maoni ya 2016 London, yenye wahamiaji wengi, ilichagua kubaki Umoja wa Ulaya, na Boston ya Lincolnshire, ambako wageni waliongezeka kwa kasi, ilichagua kutoka kwa asilimia 75.6. Wageni wenyewe wengi wao walikuwa weupe kutoka Ulaya ya Mashariki.

Mfumo wa majimbo wa Uingereza, ambamo anayeongoza jimboni ndiye apataye kiti, nao tumeuonja Zanzibar. Mwaka 1963 Afro ilipata zaidi ya nusu ya kura zote, ikaambulia viti 13 kati ya 31. Jimbo likiwa na ushindani mkali, kura za familia chache zina uzito, na kwa maoni yangu mgombea hatajishughulisha na mtaa usiokuwamo daftarini.

Jiandikishe basi mapema, kwani mwisho wa kujiandikisha ni siku 12 za kazi kabla ya uchaguzi. Na mkeo ajiandikishe mwenyewe, kwani tangu 2014 mkuu wa nyumba hamwandikishi mtu mwengine.

Ami yenu, Wete