Baba na mama wana upungufu mdogo wa kusikia, lakini kila mmoja hukosa sauti tofauti

BintiTanga:
Habari zenu. Wazazi wangu, ambao wote wamevuka miaka 60, walipimwa masikio mwezi uliopita, na tukaambiwa kila mmoja ana upungufu mdogo wa kusikia. Hata hivyo baba, aliyefanya useremala maisha yake yote, humtaka mjukuu wake arudie kila neno, ilhali mama humsikia mtoto vizuri lakini husema sauti nzito ya mjomba humjia kama imefunikwa na blanketi. Je, masikio ya wanaume na ya wanawake huchakaa kwa namna tofauti, au vipimo vilikosewa?

Mpima_Masikio:
Si lazima viwe vimekosewa, dada. Daraja hilo, ambalo kwa Shirika la Afya Duniani huanzia desibeli 20 na kuishia kabla ya 35 katika sikio lenye nafuu, hutokana na wastani wa sauti nzito na nyembamba, na wastani huficha mengi. Kwa kawaida wanaume hupoteza mapema sauti nyembamba, za hezi 3,000 na kuendelea. Wanawake huzihifadhi kwa muda mrefu zaidi, ingawa uzeeni mara nyingi huzidiwa kidogo na wanaume katika sauti nzito. Konsonanti kama s, f, t na sh hutegemea sana sauti nyembamba, kwa hiyo baba huzipata irabu zote bila kujua kama umesema "sita", "fika" au "shika". Wengi wa aina yake husema, "Nasikia, ila sielewi."

MsagaNafaka:
Mimi nimesimamia mashine ya kusaga miaka 22 na nina shida kama ya mzee huyo, lakini mke wangu, asiyefanya kazi kwenye kelele, hana. Nadhani sababu ni kazi, wala si jinsia.

Mpima_Masikio:
Kelele zina mchango mkubwa, kaka, hasa zikifikia desibeli 85 kwa saa nane kila siku, na tafadhali vaa vizibo vya masikio hata sasa. Lakini utafiti wa miaka mingi wa Baltimore, Marekani, uliochapishwa mwaka 1995, uliwafuatilia watu wasio na dalili za madhara ya kelele, na bado katika umri mwingi usikivu wa wanaume ulishuka kwa kasi inayozidi mara mbili ya wanawake.

Kwa mama nina wasiwasi mwingine, BintiTanga. Upo ugonjwa wa kukakamaa kwa kifupa cha sikio la kati, unaowapata wanawake karibu mara mbili ya wanaume, ambao mara nyingi huanza kwa kupunguza sauti nzito. Ulizeni kama alipimwa pia kwa kifaa kinachowekwa kwenye mfupa nyuma ya sikio, na tatizo lilianza lini.

BintiTanga:
Nimemuuliza. Anasema lilianza alipokuwa na ujauzito wa mdogo wangu, na hakumwambia mtu. Kipimo cha mfupa hakufanyiwa. Jumatatu tunarudi kukiomba.